Kanisa la Jumatatu

Tarehe 24 Juni 2002 ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa uani anachambua karanga, redio ameiweka dirishani, na sisi watoto tulikuwa likizo. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania (RTD) ikasema treni ya abiria imepata ajali Igandu, mkoani Dodoma. Mama hakusema neno. Aliuweka ungo chini taratibu, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa jirani kuuliza kama na wao wamesikia hivyohivyo.

Kwetu Tabora treni haijawahi kuwa habari ya mbali. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tangu 1928 njia ya Mwanza inachepukia hapahapa kwetu. Baba alikuwa fundi wa njia, tulikaa kota za reli, na saa tuliijua kwa honi. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyetoka na treni au aliyetarajiwa na treni. Siku ile sisi tulikuwa tunamtarajia mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam kuuza asali.

Treni ile ilikuwa na abiria zaidi ya 1,200. Ilikuwa inapanda mlima, ikashindwa kuendelea, ikaanza kurudi nyuma, mwendo ukazidi kuongezeka hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa inaifuata. Walikufa watu 281. Mjomba alikuwa mmoja wao.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mhubiri mgeni. Sitamtaja jina wala kanisa lake. Alisimama chini ya turubai, akaomba vizuri, kisha akaanza kusema kwamba Mungu haangushi treni bure. Kwamba wale waliokuwa ndani ya mabehewa kila mmoja alikuwa na jambo lake na Mungu wake. Mkaza mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto wa tatu yuko kifuani ananyonya. Alikuwa na miaka 26. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya hapo, kwa miezi mingi, alimshika mkono kila aliyekuja kumpa pole na kumuuliza swali moja: mume wangu alifanya nini?

Jumatatu iliyofuata alikuja mzee wa kanisa letu. Sisi ni Wabaptisti, kanisa dogo, wakati ule labda watu sitini tukijaa, ubatizo wetu tunakwenda kuufanyia bwawa la Igombe. Mzee huyo alikuwa mstaafu wa reli. Alikuja na baiskeli, nyuma amefunga debe la mahindi. Akakaa kwenye kigoda, akafungua Luka 13, akasoma habari ya wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu akiwauliza watu kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao wote wa Yerusalemu. Akafunga kitabu. Akasema, "Binti yangu, mnara ulianguka. Bwana hakusema zaidi ya hapo. Ulianguka." Kisha akauliza watoto wanahitaji nini shule ikifunguliwa.

Jumatatu nyingine alikuja tena. Na nyingine. Alikuja karibu miaka miwili, kila Jumatatu, mpaka mkaza mjomba alipopata cherehani kwa michango ya kanisa na kuanza kushona sare za shule. Mzee alikwisha kufa. Nimemwandika kwanza kwa sababu yote yanayofuata nimeyasoma kwa macho yake.

Miaka imepita, nikawa mwalimu wa historia. Mwaka mmoja nilikuwa naandaa ziara ya wanafunzi kwenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, kama kilomita sita kutoka mjini. Historia yake watu wa Tabora tunaifahamu. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Akaondoka kwenda kusini, hakurudi akiwa hai. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake wa safari, Susi, Chuma na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba. Walipofika hapa Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: mkikumbuka jina moja tu katika safari hii, basi lisiwe la aliyebebwa, liwe la waliobeba.

Nilikuwa natafuta vitu alivyokuwa navyo Livingstone, niwasimulie wanafunzi. Dawa, vipimo, shajara. Ndipo nikakuta kwamba baada ya kufa kwake, katika vitu vyake ilipatikana karatasi iliyochakaa: mahubiri yaliyopigwa chapa, na juu yake ameandika kwa mkono wake kwamba ni mazuri sana, akatia herufi za jina lake, D.L. Karatasi ile ilirudishwa London kwa mhubiri mwenyewe, naye akaitunza hadi kufa. Mhubiri ni Charles Haddon Spurgeon, mchungaji Mbaptisti. Mahubiri yenyewe yalitolewa Jumapili ya tarehe 8 Septemba 1861. Andiko: Luka 13. Kichwa chake, nikikileta kwa Kiswahili chetu: ajali si adhabu.

Na ajali iliyomfanya ahubiri hivyo ilikuwa ya treni.

Nilisimama. Nilikuwa chumba cha walimu, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe.

Wiki mbili kabla ya mahubiri hayo, Jumapili ya tarehe 25 Agosti 1861, treni mbili ziligongana ndani ya handaki la Clayton, njia ya Brighton, wakafa watu 23. Siku chache baadaye nyingine ikapata ajali Kentish Town, London, wakafa 16. Watu wa dini wakaanza kusema waliokufa Clayton wameadhibiwa kwa kusafiri Jumapili. Spurgeon mwenyewe hakupenda kusafiri Jumapili, na alisema hivyo wazi. Lakini alisimama mbele ya maelfu akawaambia kwamba kuwasemea waliokufa maneno ya namna hiyo ni upuuzi na ni ukatili kwa wafiwa. Hukumu ya Mungu ina siku yake, akasema, na mwenye kuona gari limepinduka asijifanye hakimu. Kisha akawageuzia swali wao wenyewe, kama Yesu alivyofanya: ninyi mnaosikiliza mko tayari? Hakuwaacha wajifute machozi waende. Hilo nalipenda. Faraja isiyomdai mtu kitu haikai.

Kwa nini mtu yule aliweza kusema vile? Nilitafuta jibu, na jibu nililipata katika historia ya kanisa lake.

Kanisa la Metropolitan Tabernacle liko kusini mwa London, mahali panapoitwa Elephant and Castle. Mizizi yake inakwenda hadi mwaka 1650, zamani Wabaptisti walipokuwa watu wa kuwindwa. Benjamin Keach, aliyekuja kuwa mchungaji wao, aliandika kitabu kidogo cha kufundishia watoto. Mwaka 1664 akahukumiwa, akasimamishwa hadharani shingo na mikono vimebanwa kwenye mbao, na kitabu chake kikachomwa mbele ya macho yake. Huyo Keach ndiye aliyewaingizia waumini wake desturi ya kuimba tenzi ibadani. Wengine walikasirika hadi wakahama kanisa, wakisema kuimba tungo za binadamu ni kumkosea Mungu. Msomaji wangu wa Tabora, ambaye Jumapili yako haianzi kabla kwaya tatu hazijaimba, fikiria hilo.

Walimfuata wachungaji waliokaa muda mrefu mno: John Gill miaka 51, John Rippon miaka 63. Kisha kanisa likadhoofika. Spurgeon alipoitwa mwaka 1854, kijana wa miaka 19, mzaliwa wa kijijini Essex, asiye na chuo chochote cha theolojia, alikuta jengo kubwa, viti vitupu na waumini 232 kwenye daftari.

Baada ya miezi michache jengo halikutosha. Wakapanua, halikutosha. Wakakodi kumbi. Ndipo ikafika Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 1856, ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, watu kama elfu kumi ndani na wengine wengi nje. Ibada imeanza, mtu akapiga kelele kwamba kuna moto. Hapakuwa na moto. Watu wakakimbilia milangoni, ngazi zikalemewa, wakakanyagana. Walikufa saba. Wengine 28 wakalazwa hospitali.

Spurgeon alikuwa na miaka 22. Mkewe, Susannah, alikuwa amejifungua watoto mapacha mwezi mmoja tu kabla. Walimtoa mhubiri ukumbini akiwa hajiwezi, na kwa siku kadhaa walio karibu naye walidhani hatahubiri tena. Magazeti yalimshambulia. Baada ya wiki mbili alirudi mimbarani, lakini huzuni ile haikumwacha maisha yake yote. Aliisema waziwazi mbele ya kanisa, akaisema mbele ya wanafunzi wake wa uchungaji, kwamba kuna siku moyo unazama bila sababu inayoonekana, na kwamba mtumishi wa Mungu asione aibu kukiri hivyo. Katika karne ile! Hata leo najua wachungaji wetu wanaokufa nayo kimya.

Kwa hiyo aliyesimama Septemba 1861 kusema ajali si adhabu alikuwa mtu ambaye mnara ulimwangukia ndani ya ibada yake mwenyewe. Miaka mitano alikuwa ameishi na swali la mkaza mjomba.

Sasa niseme juu ya ukubwa, maana leo ukitaja kanisa la maelfu watu wanafikiri spika, skrini na mchungaji mwenye msafara. Jengo la Tabernacle lilianza kutumika Machi 1861. Lilichukua watu kama elfu sita, kati ya waliokaa na waliosimama, na liligharimu zaidi ya pauni 31,000. Spurgeon alikataa lifunguliwe likiwa na deni hata la senti moja, akazunguka nchi akihubiri na kukusanya mpaka likalipwa lote. Mahubiri ya kwanza humo yalitolewa tarehe 25 Machi. Nilihesabu kalenda nyuma kwa kidole: Jumatatu.

Kipaza sauti hakikuwepo. Mwaka 1857, siku ya taifa kuomba kwa sababu ya vita vya India, alihubiri katika jumba la Crystal Palace mbele ya watu 23,654, kwa koo lake tu. Katika Tabernacle hapakuwa na ogani wala kwaya. Mtu mmoja alianzisha wimbo, maelfu wakaupokea. Alitaka kila mtu aimbe, asiwepo wa kuimbiwa. Hapo sikubaliani naye kabisa, kwa kuwa nimeona kwaya ya vijana ikimrudisha kanisani mtu ambaye hakuna mahubiri yaliyomgusa; ila naelewa alichokiogopa. Na alikuwa na desturi nyingine ninayotamani tuige: aliwaomba washirika wa siku zote wakae nyumbani Jumapili moja moja, ili wageni wapate viti.

Alipofariki Januari 1892 huko Menton, Ufaransa, washirika walikuwa zaidi ya 5,000. Kutoka 232. Watu wengi huishia kwenye hesabu hiyo wanaposimulia habari zake. Mimi nataka kuanzia hapo, kwa sababu waliosoma habari za kanisa hili kwa ajili ya Jumapili zake wameuona mlango tu.

Jumatatu asubuhi Spurgeon alikaa na karatasi. Mahubiri ya jana yalikuwa yameandikwa neno kwa neno na mwandishi wa hati mkato, naye akayasahihisha, yakaenda kiwandani, yakauzwa kwa peni moja. Kila wiki, kuanzia 1855. Hata baada ya kufa kwake yaliyobaki yaliendelea kutoka hadi 1917, vita vilipoadimisha karatasi. Yakafika mahubiri zaidi ya 3,500, majalada 63. Kwa bei ya peni moja mtumishi wa ndani aliweza kununua, baharia aliweza kununua, na daktari aliyekwenda Afrika aliweza kutia kwenye mizigo yake. Ile karatasi yenye herufi D.L. ilianzia hapo, mezani, Jumatatu.

Jumatatu jioni kulikuwa na maombi. Si kikundi cha akina mama kumi na mlinzi, kama tulivyozoea wengi wetu tukisema ukweli. Walikuja zaidi ya elfu moja. Na Jumatatu moja ya mwaka 1866 Spurgeon aliwaambia: sisi ni kanisa kubwa, inatupasa kufanya zaidi katika jiji hili, tumwombe Mungu atupe kazi mpya, na fedha ikihitajika aitume pia. Wakaomba.

Haukupita muda ikaja barua ya mjane mmoja, Anne Hillyard. Alikuwa na pauni 20,000, alitaka zitumike kulea watoto wa kiume waliofiwa na baba. Spurgeon alidhani kalamu imeteleza. Alipokwenda kumwona pamoja na mjenzi wake, alipofika nyumbani kwake akaona nyumba ya kawaida kabisa, akamwambia wamekuja kuhusu zile pauni mia mbili. Mama yule akashangaa: niliandika mia mbili? Nilikusudia elfu ishirini. Spurgeon akamuuliza kama hana ndugu wanaostahili urithi huo. Akamshauri hata ampelekee George Müller wa Bristol, aliyekuwa tayari analea yatima wengi. Mjane akasema hapana, ni wewe. Mchungaji anayeletewa fedha nyingi kiasi hicho, na jambo la kwanza analofanya ni kuuliza kama wenye haki nazo wapo! Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kituo cha yatima cha Stockwell, London, kilianzishwa 1867 na baada ya miaka michache nyumba zikajaa wavulana. Wasichana wakaongezwa 1879. Wakati ule nyumba nyingi za yatima Uingereza zilikuwa kama kambi: bweni refu, sare moja, nywele zimenyolewa, mtoto ukimwona barabarani unajua ni wa msaada. Stockwell walijenga nyumba nyingi ndogo zilizopangwa safu, kila moja na mlezi wake wa kike, watoto wanakula pamoja kama jamaa moja. Sare hawakuvalishwa. Walivaa nguo tofauti tofauti kama watoto wa majirani, na hawakuulizwa baba alikuwa wa dhehebu gani.

Nilipolisoma hilo la sare nilimkumbuka binamu yangu mkubwa. Alikuwa na miaka minane baba yake alipokufa. Shuleni kulikuwa na mpango wa kugawia yatima madaftari, na waliitwa kwa majina mbele ya paredi. Akaacha kwenda siku za ugawaji. Mzee wetu wa Jumatatu alipogundua, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, akachukua madaftari, akayaleta na baiskeli usiku, akayaweka mezani kama vile yalinunuliwa dukani. Hakujua lolote juu ya Stockwell.

Kazi nyingine nitazipitia haraka, ingawa kila moja ingestahili makala. Chuo cha wachungaji kilianza 1856, kwanza kikiwa na mwanafunzi mmoja tu, kikapokea watu maskini waliokuwa na kipawa cha kuhubiri lakini hawana ada wala elimu. Hadi Spurgeon anakufa kilikuwa kimefundisha karibu 900. Tangu 1866 kulikuwa na watembezaji wa vitabu, wanaume waliozunguka vijiji na mzigo begani wakiuza Biblia na vitabu vya bei ndogo, wakiombea wagonjwa njiani. Wasabato wa kwetu wanao wainjilisti wa vitabu mpaka leo, kwa hiyo picha yake hatuhitaji kuelezwa. Kulikuwa na nyumba za wajane wazee. Na kulikuwa na mfuko wa vitabu wa Susannah.

Huyu Susannah nimsimamie kidogo. Kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa, hatoki nyumbani, hata kanisa la mumewe alilisikia kwa kusimuliwa. Mwaka 1875 alisoma kitabu kipya cha mumewe cha mafunzo kwa wachungaji, akasema angetamani kila mchungaji Uingereza awe nacho. Mumewe akamjibu: basi, utatoa kiasi gani? Akapanda juu, akahesabu sarafu alizokuwa akiziweka akiba, zikatosha nakala mia moja. Akaanza kuzituma. Hakuacha. Hadi anafariki mwaka 1903 alikuwa ametuma vitabu karibu 200,000 kwa wachungaji maskini, akiandika barua kwa mkono wake, na mara nyingi kitabu kilikwenda pamoja na blanketi au nguo za watoto. Mtu wa kitandani. Katika kanisa la watu elfu sita, mimi huyu ndiye ninayemwona mrefu kuliko wote.

Sasa jambo ambalo mtu wa Tabora hawezi kuliruka. Mji wetu ulikua kwa njia ya misafara. Pembe na watu vilipita hapa, kutoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa hadi Bagamoyo, na miembe tunayojivunia kivuli chake inasimama kando ya njia hizo. Kwa hiyo nikisoma habari za mtumishi yeyote wa karne ile, nauliza: juu ya utumwa alisema nini?

Spurgeon alisema. Mahubiri yake yalikuwa yanauzwa sana Marekani, na kule kusini Wabaptisti wengi walimiliki watumwa. Mwaka 1845 walikuwa wameunda umoja wao wa Southern Baptist baada ya kugombana na wenzao wa kaskazini kama mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari. Spurgeon akaandika kwamba mwenye watumwa hawezi kushiriki naye meza ya Bwana. Mwaka 1860 mahubiri yake yakachomwa moto hadharani katika miji ya kusini, na mauzo yakaanguka. Yale mauzo ndiyo yaliyokuwa yakitunza chuo chake. Hakufuta neno. Na mwaka 1876 chuo hichohicho kikampokea Thomas Johnson, aliyekuwa mtumwa Virginia kwa miaka 28. Alipomaliza alikwenda Kamerun kuhubiri, mkewe akafia huko.

Haya hayaishii mbali. Wamisionari wa Southern Baptist waliingia Tanganyika mwaka 1956, na sehemu kubwa ya Ubaptisti wa nchi hii inatoka kwao. Umoja huo uliomba radhi rasmi kwa historia yake ya utumwa mwaka 1995. Mimi ni tunda la umoja ulioanzishwa na watu waliochoma mahubiri niliyoyapenda, na naabudu katika mji uliopitishwa watumwa. Nimelitafakari hili mara nyingi nikiwa nimekaa ukumbini Jumapili. Sioni haja ya kulificha kwa watoto wa shule ya Jumapili. Nawafundisha kama lilivyo.

Na lile kanisa la London lenyewe lilipata tena minara ya kuanguka. Miaka ya mwisho ya Spurgeon ilikuwa ya ugomvi mchungu juu ya mafundisho, akajitoa katika Umoja wa Wabaptisti wa Uingereza mwaka 1887 na marafiki wengi wakamwacha. Baada yake mwanawe Thomas akawa mchungaji. Mwaka 1898 jengo likaungua. Likajengwa. Mwaka 1941 likapigwa bomu na Wajerumani, ikabaki sehemu ya mbele yenye zile nguzo. Likajengwa tena, dogo zaidi, likafunguliwa 1957, na washirika walikuwa wamepungua mno mpaka Peter Masters alipoanza uchungaji mwaka 1970. Limekua tena. Ukubwa ulikuja ukaenda ukarudi. Ile kazi ya kulea watoto iliendelea hata jengo lilipokuwa majivu.

Mwaka jana nilikaa jioni kadhaa nikayaleta mahubiri ya 1861 kwa Kiswahili. Si kazi rahisi, Spurgeon ana sentensi ndefu kama treni ya mizigo. Nilipomaliza nilikwenda kwa mkaza mjomba. Anakaa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora sasa, bado anashona, watoto wote watatu wamekwisha kuwa na maisha yao. Wa kiume mkubwa anafanya kazi Mwanza na akija nyumbani anakuja na treni. Kwa miaka mingi mama yake hakuweza kwenda kumpokea stesheni, siku hizi anakwenda.

Nilimwamkia, akanipa kiti, akaendelea na cherehani. Nikamwambia nina mahubiri ya zamani nataka kumsomea. Akasema soma, mikono ndiyo yenye kazi, masikio yamekaa bure.

Nikasoma. Nilipofika pale mhubiri anapotaja treni za Clayton na Kentish Town, mguu wake ukasimama juu ya pedali. Hakusema kitu hadi nilipomaliza. Kisha akauliza kama huyo mhubiri naye alifiwa. Nikamweleza habari ya ukumbi wa Surrey Gardens, kelele za moto, wale saba, na magazeti.

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na miwili."

"Mtoto," akasema. Akakata uzi kwa meno, akaigeuza ile sare upande wa pili, akaipanga chini ya sindano. "Nisomee tena pale pa treni."